Sura ya Sita: Mali Ilipokelewa, Karatasi Iko Wapi?

Ukienda komini ya Kampemba siku ya ndoa, fika mapema, maana viti vinajaa haraka. Maarusi wanakaa mstari wa mbele, jozi kadhaa kwa mara moja, magauni meupe yakiwa yameinuliwa kidogo yasiguse vumbi jekundu la Lubumbashi. Nyuma yao wamebanana mashangazi, wajomba na mashemeji, kila ukoo na kitenge chake cha sare. Bumestre, mkuu wa komini, au anayemwakilisha, anaingia akiwa amejifunga mshipi wa rangi za bendera, na watu wote wanasimama. Kabla hajawauliza vijana kama wanapendana, anaugeukia ukoo wa bibi arusi.

“Mali mulipokea?”

Mjomba anasimama, anakunja koti vizuri, anajibu kwa sauti ili jamaa wa mwanaume nao wasikie: “Tulipokea yote, chef.”

Vigelegele vinapigwa hapo, kabla hata ya pete. Kwetu Katanga neno mahari linaeleweka, lakini watu wanasema mali, na bila mali hakuna mkwe. Sheria nayo iko upande wa mjomba. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inayataka makubaliano ya mali yawepo ndipo ndoa iwe ndoa. Inaitambua pia ndoa iliyofungwa nyumbani kwa wazee, kwa vinywaji na mikono iliyopeanwa, ila inawapa wenye ndoa mwezi mmoja wa kuipeleka kwa afisa wa leta, yaani serikali, ikaandikwe kwenye daftari.

Mwezi huo mmoja unapita bila mtu kuuona. Sherehe imemaliza pesa, maarusi wamechoka, komini ina foleni. Mkongomani aliyeoana na Mkongomani mwenzake anaweza kuishi miaka 20 bila karatasi ile, akazaa na kulea, na kosa lake lisijulikane mpaka siku ya msiba na urithi. Lakini mmoja wao akiwa mgeni, mwenye pasipoti ya nchi nyingine, ule mwezi mmoja uliosahaulika unaweza kumla maisha yake yote. Mimi nimeishi Kampemba muda wa kutosha kuliona hilo kwa macho, na nalitaja kwa uchungu kwa sababu mara nyingi lingeweza kuzuiliwa.

Nitaanza na Musoshi. Ni mgodi wa shaba, karibu na Kasumbalesa, pale mpaka wa Zambia ulipo. Mwaka 1967 Wajapani walikubaliana na serikali ya Kinshasa kuunda kampuni iliyoitwa SODIMICO, nyuma yake ikiwa Nippon Mining, na shaba ikaanza kutoka mwaka 1972. Wakaja wahandisi, mafundi wa umeme, wachimbaji, mamia ya wanaume katika miaka ile, na wengi walikuja bila familia. Wengine wao walifanya kama wanaume wa pale wanavyofanya: walimwona binti, wakatuma mtu kwa wazazi, wakalipa mali. Wazazi walipokea. Machoni pa kijiji, binti yao alikuwa ameolewa, na watoto waliozaliwa walikuwa watoto wa ndoa.

Shaba ikashuka bei, vita vya Angola vikakata reli ya Benguela iliyokuwa inapeleka madini baharini, na mwaka 1983 Wajapani wakakabidhi mgodi wakaondoka. Wanawake walibaki na picha, na barua zilizokoma baada ya muda. Watoto wao leo ni watu wazima wa zaidi ya miaka 40, wanaishi Lubumbashi, Kasumbalesa na miji mingine ya Katanga. Mwandishi wa habari Mjapani, Miura Hideyuki, aliwafuata mmoja mmoja akachapisha kitabu juu yao mwaka 2022, na kwa Wajapani wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba watu hao wapo.

Sasa tazama jinsi karatasi ilivyofanya kazi hapo. Kwa sheria ya Japani ya wakati ule, mtoto aliyezaliwa na baba Mjapani ndani ya ndoa iliyoandikishwa alikuwa Mjapani moja kwa moja. Aliyezaliwa nje ya ndoa hiyo ilibidi baba amkubali rasmi angali tumboni. Baada ya kuzaliwa, mlango umefungwa. Mali iliyolipwa Musoshi haikuwa na ukurasa hata mmoja katika daftari la Tokyo, wala mara nyingi katika daftari la komini. Tarehe 4 Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Japani ilitamka kwamba kumbagua mtoto namna hiyo ni kinyume cha katiba, na sheria ikabadilishwa kuanzia Januari 2009: mtoto aliyekubaliwa na baba baada ya kuzaliwa aliweza sasa kupata uraia, mradi aombe kabla ya kutimiza miaka 20, umri uliowekwa wakati ule. Hesabu mwenyewe. Watoto wa Musoshi walizaliwa kati ya miaka ya 1970 na 1983 au muda mfupi baadaye. Sheria ilipofunguka, wote walikuwa wameshapita umri.

Sisemi kwamba muhuri wa komini ungemrudisha baba aliyeamua kutoweka. Nasema ungempa mama kitu cha kuweka juu ya meza ya ubalozi. Wale wanawake hawakuwa na cha kuweka.

Desturi hii ya pesa ya mali kuchanganyika na kazi ya mgodi ni ya zamani kuliko Musoshi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipata wafanyakazi wake wa mwanzo wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye ikaenda kuwatafuta hadi Rwanda na Burundi. Kuanzia miaka ya 1920 iliona kwamba mwanaume mwenye mke haondoki upesi, basi ikawahimiza vijana waoe, ikaleta wake kwa treni, na hata kuwakopesha pesa za mali wakazirudisha kutoka mshaharani. Lubumbashi imejengwa na ndoa za watu wa mbali. Bibi wa mwenzako anaweza kuwa Mlamba wa hapa hapa, babu yake Mbemba wa Kasama, na shemeji yake mzaliwa wa Butare. Mpaka uliochorwa na Wabelgiji na Waingereza ulipita katikati ya Walamba, Waushi na Walala, ukawaacha ndugu huku na ndugu kule.

Ndiyo maana mgeni wa ndoa niliyemwona kwa karibu zaidi hakutoka mbali hata kidogo. Anatoka Kitwe. Mume wake ni fundi wa malori, jirani yangu wa Bel-Air, na mtaa mzima humwita mke wake mama wa Kitwe. Alikuja akiwa na Kibemba, akajifunza Kiswahili chetu kwa kuuza mboga, na leo anabishana bei kwa Kiswahili vizuri kuliko sisi tuliozaliwa nacho.

Siku moja aliniita nimsomee karatasi ya Kifaransa. Alitoa jalada la plastiki la kijani kutoka chini ya godoro, akalifuta kwa upindo wa kitenge, akapanga vitu vyake mezani kama mtu anayepanga nyanya za kuuza: cheti cha ndoa cha komini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, picha za pasipoti zilizobaki nne, risiti zilizobanwa kwa pini iliyoshika kutu, na pasipoti mbili, ya zamani na mpya. Ile ya zamani ilikuwa imejaa mihuri hadi jalada la nyuma. Kibandiko cha visa ya makazi, kingine cha visa ya kutoka na kurudi, kingine tena, kila kimoja na tarehe yake ya mwisho.

“Baba, nahesabu miaka yangu ya ndoa humu,” aliniambia, akigonga ile pasipoti kwa kidole. “Wenzangu wanahesabu kwa watoto.”

Karatasi aliyotaka nimsomee ilisema kwamba kuna kitu kimepungua katika maombi yake ya visa. Alikuwa ameshapeleka maombi hayo mara mbili, na kila mara kilichopungua kilikuwa kingine. Nilimsomea, akakunja, akairudisha mahali pake kwa utaratibu ule ule.

Tuieleze sheria inavyomtazama, kwa sababu watu wengi wa Kampemba wanaamini kwamba mwanamke akiolewa na Mkongomani anakuwa Mkongomani. Sivyo. Sheria ya uraia namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema waziwazi kwamba ndoa peke yake haibadilishi uraia wa mtu. Mgeni aliyeoana na raia anaweza kuomba baada ya miaka saba ya ndoa, akiwa bado anaishi na mwenzake, na mwenzake akiwa bado raia. Ombi hilo haliishii Lubumbashi. Linapita kwa mawaziri Kinshasa na kuhitaji kukubaliwa na Bunge la Taifa. Fundi wa malori na mkewe hawana mtu wa kuwafuatilia faili huko, na kutoka kwetu hadi Kinshasa watu hupanda ndege.

Sheria hiyo hiyo inamtaka anayeomba uraia ajue kusema moja ya lugha za Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba, kwa hiyo sokoni mama wa Kitwe ameshafaulu mtihani huo. Kinachomzuia ni kifungu cha kwanza kabisa: uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Akichukua huu, anauacha ule wa Zambia. Mama yake mzazi alikuwa bado hai Kitwe tulipozungumza. Anasema hawezi kuomba visa ili akamzike mama yake, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo amebaki mgeni. Msingi wa sheria ya wageni ni wa tarehe 12 Septemba 1983, enzi za Mobutu, na kazi yenyewe iko mikononi mwa Idara Kuu ya Uhamiaji, DGM, iliyoundwa Januari 2003. Mke wa raia anapanga foleni ile ile ya mfanyabiashara na mhandisi wa mgodi, lakini yeye hana kampuni ya kumlipia.

Ng'ambo ya Kasumbalesa mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayonishawishi kwamba yetu si amri ya Mungu. Zambia inatoa kibali cha mwenzi kwa jina lake hasa. Katiba yao iliyorekebishwa mwaka 2016 inamruhusu aliyeoana na Mzambia kwa miaka mitano kuomba uraia, na inakubali mtu awe na uraia wa nchi mbili. Jirani yangu angekuwa amehamia Kitwe, leo huenda angekuwa na karatasi nzuri kuliko mkewe aliyehamia hapa. Ila na yeye angenaswa na kifungu kile kile: Mkongomani anayepokea uraia mwingine anapoteza wa kwao. Februari 2007, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya wabunge wetu wenyewe wana pasipoti za nje, Bunge liliwapa muda wa kujirekebisha. Mke wa fundi hakuna aliyempa muda.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na sisi kwa sababu ya mgogoro wa biashara, baada ya Kongo kuzuia bia na soda kutoka nje. Kasumbalesa, Mokambo na Sakania zote zilifungwa. Magazeti yalihesabu malori ya shaba. Mama wa Kitwe alikuwa upande wa pili na mtoto wake mdogo, amekwenda kumwona mama yake mgonjwa, na visa yake ya kurudi ilikuwa inakaribia tarehe. Siku zile chache hadi mpaka ulipofunguliwa, mume wake alikaa mlangoni na simu mkononi, akinunua mega kila asubuhi, akiuliza kila dereva aliyempitia. Mke alirudi salama. Lakini alirudi akiwa ameelewa kwamba mlango wa nyumba yake uko kilomita karibu 90 kutoka kitandani kwake, na ufunguo anao mtu mwingine.

Ugumu wa sheria hizi hauko kwetu tu. Katika nchi nyingi ndoa na mgeni imekuwa jambo la kupimwa kwa pesa. Thailand humpa mgeni aliyeoana na raia wake kibali cha mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka aonyeshe baht 400,000 benki au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Uingereza ilikuwa inadai kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka tangu 2012, na tarehe 11 Aprili 2024 ikapandisha ghafla hadi 29,000. Ubelgiji, ambako vijana wengi wa Lubumbashi wana wachumba, kwa sheria ya 2011 ilimtaka Mbelgiji anayemwita mwenzi wake awe na kipato cha asilimia 120 ya kiwango cha chini cha msaada wa kijamii. Kuna nchi zinazolegeza pia. Oman, ambako ndugu zetu wa Kiswahili ni wengi, kwa miaka mingi ilimlazimisha raia kuomba ruhusa ya serikali kabla ya kuoa nje, na Aprili 2023 Sultan Haitham akaiondoa ruhusa hiyo kwa amri yake. Kenya imeandika miaka saba ya ndoa kabla ya kuomba uraia ndani ya katiba yake ya 2010, na haibagui mume na mke. Tanzania bado inabagua: mke mgeni wa Mtanzania ana njia ya ndoa ya kupata uraia, mume mgeni hana.

Sisi hatumwombi mume au mke akaunti ya benki, na hilo ni jema. Tunamwomba uvumilivu usiokuwa na mwisho, na hilo maskini ndiye anayelilipa ghali.

Nigeukie watoto, maana huko ndiko hofu iliko kubwa zaidi. Sheria ya 2004 inasema mtoto ambaye baba au mama ni Mkongomani, huyo ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Neno lenyewe ni “au”. Julai 2021 mbunge Nsingi Pululu aliweka mezani pendekezo lililotungwa na Noël Tshiani, la kufanya urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongomani wote wawili. Nchi nzima ilielewa analengwa nani. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, mama yake ni Mkongomani, na baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Agosti 2018 alizuiliwa pale pale Kasumbalesa asiingie nchini kupeleka jina lake la kugombea urais.

Mtu anaweza kumpenda Katumbi au asimpende, hiyo ni siasa. Mimi niliwafikiria watoto watatu wa jirani yangu. Wa kwanza alikuja na daftari lake akaniuliza, “Tonton, ni kweli siye hatuko Bakongomani kamili?” Ameisikia shuleni. Ana miaka 11, anaimba wimbo wa taifa kila asubuhi, na tayari ameshajua kwamba kuna watu wanaopima damu yake nusu kwa nusu. Nilimwonyesha kifungu, nikamwekea kidole juu ya lile neno “au”. Alilisoma mara mbili.

Pendekezo la namna hiyo ni baya kwa Katanga kuliko kwa sehemu nyingine yoyote ya nchi, kwa sababu ukianza kutafuta Kampemba mtu ambaye bibi na babu zake wote wanne wametoka upande mmoja wa mpaka, utazunguka siku nzima kutoka Bel-Air hadi Bongonga. Na sheria yetu ya makazi inapaswa kubadilika upande mwingine. Mume au mke wa raia, aliyeandikishwa komini, apewe kibali cha jina lake, cha miaka mingi, kisichokufa kwa sababu risiti moja imepotea. Majirani zetu wa kusini wameweza kumpa mwenzi kibali chake.

Hadi hapo sheria itakapobadilika, kuna yaliyo mikononi mwetu. Wewe unayempokea mkwe Mzambia, Mtanzania, Mlebanoni au Mshinwa, na hao wa mwisho sasa ni wengi katika mtaa wetu wa viwanda, usiishie kuhesabu noti za mali na mbuzi. Siku ile ile mali inapopokelewa, pangeni na tarehe ya komini, ndani ya mwezi mmoja. Mkwe alete cheti cha kwao kinachoonyesha kwamba hajaoa, na kipate tafsiri ya Kifaransa. Nakala za cheti cha ndoa ziwe zaidi ya moja, na moja ikae kwa wazazi wa binti. Mtoto akizaliwa, aandikishwe kabla ya siku 90, na majina ya wazazi wote wawili yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana herufi moja iliyokosewa itawarudisha nyuma miaka. Wajomba, nawasihi: bumestre akiuliza mali mulipokea, jibuni, kisha msiondoke ukumbini mpaka mmeiona saini.

Mama wa Kitwe ameshatimiza miaka 12 ya ndoa. Visa yake ya sasa inaisha Machi.